Kazi Yangu ni ya Thawabu, Lakini Moyo Wangu Haumo Tena

BARUA YA MSOMAJI

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mkazi wa Tanga mjini, mke na mama wa watoto wawili, mmoja yuko kidato cha pili na mwingine darasa la tano. Kwa taaluma ni muuguzi mkunga, na nimo katika utumishi wa umma kwa mwaka wa 14 sasa. Nakuandikia kwa sababu jambo linalonisumbua siwezi kumweleza mtu wa karibu nikaeleweka. Kila ninapoligusia naonekana sina shukrani.

Kazi yangu imekuwa tupu. Naamka, navaa sare, naenda, narudi, na katikati ya kwenda na kurudi sioni nilichokifanya. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba kila mtu anaisifia kazi hiyo. Siwezi kupita barabara za Ngamiani bila mama fulani kunisimamisha na kunionesha mtoto wake, akisema, “Huyu ni wako, ulimpokea wewe.” Kwenye harusi natambulishwa kwa jina la kazi yangu. Wazee huniambia nina kazi ya thawabu, kwamba nitaikuta mbele ya Mola. Naitikia, natabasamu, na ndani yangu naona kama wanamzungumzia mtu mwingine ambaye nilipata kufahamiana naye zamani.

Haikuwa hivi mwanzo. Nilipoajiriwa nilipangiwa zahanati moja ya Wilaya ya Pangani, nikiwa mkunga peke yangu. Kulikuwa na usiku nilioshika tochi kwa meno huku mikono yote miwili ikiwa na kazi. Nilikuwa namjua kila mama kwa jina, namfuatilia tangu kliniki ya kwanza mpaka anapoondoka na kichanga mgongoni. Nilikuwa natoka zamu miguu imevimba na moyo umejaa. Baadaye nilihamishiwa hospitali moja ya mkoani, nikawa leba, na miaka mitatu iliyopita nikateuliwa kuwa muuguzi kiongozi wa wodi, yaani inchaji, kama tunavyoitana. Sasa napanga ratiba za zamu, nahakiki madaftari ya MTUHA, yaani ya taarifa za huduma za afya, nahesabu vifaa vya stoo, nasaini fomu za bima, nahudhuria vikao, na nawapigia simu wasiofika kazini. Sinung’uniki, maana cheo ni cheo na hakuna aliyenilazimisha kukipokea.

Miaka miwili iliyopita tulimpoteza mama mmoja kwa kutokwa na damu baada ya kujifungua. Damu ya kumwongezea ilichelewa. Tuliandika taarifa, tukakaa kikao, tukaendelea na zamu. Nalitaja kwa sababu wewe huwauliza wanaokuandikia kama kuna jambo lililotokea. Lakini mambo ya namna hii ni sehemu ya kazi yetu.

Sasa nikueleze kuhusu shamba. Marehemu baba yangu alikuwa karani katika shamba la mkonge. Shamba lilipodorora alipunguzwa kazini, akapanda milimani Amani, upande wa Muheza, akanunua ekari tatu na kuanza kupanda viungo: pilipili manga, mdalasini, na iliki kidogo kwenye kivuli. Alipofariki, kaka zangu walio Dar es Salaam walitaka tuuze. Mimi nikakataa, nikawa napanda huko kila ninapopata mapumziko, mwanzoni kuangalia mipaka tu. Kisha nikaanza kulima. Mama Mshauri, nikifunga marando ya pilipili manga kwenye miti yake, nikipalilia, nikiianika pilipili kwenye turubai na kuiona inageuka kutoka kijani kuwa nyeusi, najihisi mtu. Huwa nasahau kula. Nikishuka Muheza na kupanda gari la kurudi Tanga, tumbo huanza kunikaza.

Nimefikiri kuacha kazi. Ningeishi Muheza, niliendeleze shamba, ninunue mashine ndogo ya kusaga, nifungashe viungo na kuuza mwenyewe. Mume wangu ni fundi umeme na kipato chake hupanda na kushuka. Hakunikubalia wala hakunikatalia; alinyamaza, kisha akaniuliza nyumba ya Pongwe, ambayo imesimama kwenye renta, itaezekwa na nani. Bado nina mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara. Mama yangu alipolisikia alilia. Aliniambia, “Kazi mbaya si mchezo mwema, sembuse kazi njema kama yako,” na tangu siku hiyo akipiga simu huanza kwa kuuliza kama bado naenda kazini.

Naomba unisaidie. Je, ni dhambi kuiacha kazi inayookoa maisha ya watu kwa ajili ya kazi inayonifurahisha mimi peke yangu? Au ni mimi nina kasoro? Wadogo zangu wa kazini huimba wakiwa leba. Mimi nawasikia nikiwa ofisini na najiuliza ni kitu gani walichonacho ambacho mimi sina.

Wako,
Mkunga, Tanga

JIBU LA MSHAURI

Marahaba, mwanangu. Nashukuru kwa kuniamini na jambo ambalo, kwa maelezo yako, hata mumeo hajalisikia lote.

Nianze kwa kulirudia tatizo lako kama nilivyolielewa, nawe utalipima kama nimelishika sawasawa. Unafanya kazi ambayo jamii nzima inaiheshimu, wewe mwenyewe huibishii thamani yake, lakini ukiwa ndani yake huhisi chochote. Na mahali pekee unapojihisi hai ni katika ekari tatu za viungo ambazo, kwa hesabu yako, hazimfaidii mtu ila wewe. Kutokana na hayo umelifikia swali la dhambi, yaani kama una haki ya kuondoka. Ni swali halali, lakini naona limetangulia jingine ambalo lingepaswa kuulizwa kwanza: ni kitu gani hasa kilichokufa, na kilikufa lini?

Kabla ya kufika huko, ruhusu niiguse dhana moja iliyojificha ndani ya barua yako, kwamba kazi yenye faida kwa watu ni lazima imjaze moyo anayeifanya, na asipojazwa basi kasoro ni yake. Mwaka 1997 mtafiti wa Marekani, Amy Wrzesniewski, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti kuhusu namna watu wanavyoziona kazi zao. Walikuta wapo wanaoiona kazi kuwa njia ya kupatia riziki na basi, wapo wanaoiona kuwa ngazi ya kupandia vyeo, na wapo wanaoiona kuwa wito. Kilichonivutia mimi ni kikundi kidogo cha wasaidizi wa ofisi waliokuwamo katika utafiti huo: walikuwa na kazi za aina moja, lakini waligawanyika karibu sawasawa katika mafungu hayo matatu. Kwa hiyo sifa ya kazi machoni pa watu haitutabirii kitakachokuwamo ndani ya kifua cha anayeifanya. Mkunga anayeiona kazi yake kuwa riziki tu, lakini akapima shinikizo la damu inavyotakiwa, akajaza patografu, chati ya kufuatilia uchungu, kwa uaminifu na kumwita daktari kwa wakati, hajampunguzia mzazi chochote. Mama mwenye uchungu hamuulizi mkunga wake kama leo ana furaha. Na hao wadogo zako wanaoimba, waache waimbe. Wimbo wao si ushahidi dhidi yako, na wengi wao bado hawajakabidhiwa madaftari unayoyahakiki wewe.

Umeandika pia kwamba huoni ulichokifanya. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikadiria vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000 nchini mwetu, wakati ule wa 2015/16 ulikadiria 556. Sababu za kushuka huko ni nyingi, na wataalamu wataendelea kuzichambua, lakini haiwezekani kuzieleza bila kuwataja wakunga wa zahanati walioshika tochi kwa meno. Sikutajii takwimu hizi ili ujione una deni la kubaki. Aliyetoa miaka 14 hadaiwi. Nazitaja kwa sababu kutokuiona kazi na kutokuwapo kwa kazi ni mambo mawili, na nadhani moja umelichukulia kuwa jingine.

Sasa turudi kwenye swali la nini na lini. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila mara nimesimama pale pale. Furaha yote unayoikumbuka inatoka Pangani: majina ya akina mama, mikono yenye kazi, mtu unayemfuata kutoka kliniki ya kwanza hadi anapoondoka na mtoto. Katika kazi unazozitaja za sasa, sikuona hata moja inayokukutanisha na mzazi. Ratiba, stoo, fomu, vikao, simu za wasiofika. Unasema ukunga umekuwa mtupu, lakini kwa maelezo yako mwenyewe, miaka mitatu sasa ukunga hujaufanya kwa kiasi kikubwa, umeusimamia. Hata hivyo barua umeitia saini kwa jina la mkunga, hukujiita inchaji. Halafu nikatazama unachokipenda shambani: unatumia mikono, unaufuata mmea mmoja mmoja, unaona kitu kinageuka mbele ya macho yako, na unajua kilichotokea kwa sababu ulikuwapo. Hukunieleza shamba hilo lilianza kukuvuta lini, lakini nashuku ni katika kipindi kile kile ulichoondolewa kitandani kwa mgonjwa ukawekwa mezani. Huenda nimekosea. Lakini ningependa ujiulize kama shamba limekuonesha kazi mpya unayoitaka au limekurudishia namna ya kufanya kazi uliyoizoea na kunyang’anywa kwa heshima, pamoja na barua ya pongezi.

Ukijiuliza hilo, usilijibu haraka. Lipo jambo jingine ambalo limenishika zaidi, nalo umelipitia kwa sentensi chache sana.

Mlimpoteza mama mmoja. Damu ilichelewa. Mliandika taarifa, mkakaa kikao, mkaendelea na zamu. Kisha ukanihakikishia kwamba ni sehemu ya kazi, kana kwamba mimi ndiye niliyehitaji kutulizwa. Vikao vya kupitia vifo vya uzazi vina manufaa makubwa, kwa sababu huuliza ni wapi utaratibu ulikatika ili usikatike tena, na haviitishwi kumtafuta wa kumlaumu. Lakini swali moja haviulizi, wala si kazi yao kuliuliza: wewe uliyekuwa na zamu ile, ulirudi nyumbani vipi? Je, kuna mtu alikuuliza? Uliwahi kulia? Uliwahi kuipita ile familia barabarani, au unazunguka njia usikutane nayo? Mwaka 2000 daktari wa Marekani aitwaye Albert Wu aliandika makala kuhusu wahudumu wa afya wanaobaki na jeraha baada ya mgonjwa kudhurika mikononi mwao, akawaita waathirika wa pili, kwa maana kwamba wa kwanza ni mgonjwa na jamaa zake, lakini yupo mwingine anayeumia kimya na hakuna anayempelekea pole. Kwetu mtu akifiwa hukaa matanga, watu wakaja na mikeka na sinia za chakula, naye akaruhusiwa siku kadhaa asiwe na nguvu. Mkunga aliyefiwa na mama aliyekuwa akimhudumia hana matanga. Ana zamu ya kesho.

Sitaki kukuambia kwamba kifo hicho ndicho chanzo cha yote, maana ningekuwa nadai kukijua kifua chako kuliko unavyokijua mwenyewe. Lakini ganzi na utupu si kitu kimoja. Mtu aliyeishiwa na maana huiacha kazi na kuisahau. Mtu aliyetiwa ganzi na uchungu huacha kuhisi karibu kila kitu kilicho upande ule wa maisha, kizuri na kibaya, ili asihisi kile kimoja. Shirika la Afya Duniani, lilipofafanua mwaka 2019 uchovu unaotokana na msongo wa muda mrefu kazini, lilitaja dalili tatu: nguvu kuisha, akili kujitenga na kazi au kuichukia, na mtu kujiona hafanikishi lolote. Ukizilinganisha na barua yako utajionea mwenyewe zinavyokaribiana. Uchovu wa aina hiyo una sauti ya kushawishi sana, na moja ya hila zake ni kujitambulisha kwa jina la wito uliopotea. Ikiwa tumbo hukaza kila unaporudi Tanga, ikiwa usingizi umekuhama, ikiwa kuna picha ya usiku ule inayokujia bila kuitwa, tafadhali tafuta mtaalamu wa afya ya akili, na ukiona haya kwenda pale unapofahamika na kila mtu, nenda kituo kingine. Wewe ungemshauri hivyo mgonjwa wako bila kusita.

Tuzitazame sasa njia zilizo mbele yako, pamoja na miiba yake.

Ya kwanza ni kubaki katika taaluma lakini kuibadilisha sura ya kazi. Unaweza kumwomba mkubwa wako akurudishe leba, au, ukiwa wewe ndiye mpanga ratiba, ukajipangia baadhi ya zamu za kuzalisha badala ya kukaa na madaftari wiki nzima. Wapo pia wanaoomba kuhamishiwa zahanati. Wrzesniewski huyo huyo na mwenzake Jane Dutton waliandika mwaka 2001 kuhusu wafanya usafi wa hospitali ambao, bila kuagizwa na mtu, waliitanua kazi yao wenyewe, wakawa wanazungumza na wagonjwa na kuwasaidia wageni, na hao waliiona kazi ile ile ya deki kuwa na maana kuliko wenzao walioishia kwenye deki. Nakutajia mfano huu kwa tahadhari, kwa kuwa nimewaona wakubwa wa kazi wakiutumia vibaya: mtumishi akilalamikia upungufu wa watu na vifaa, huambiwa abadilishe mtazamo. Damu iliyochelewa haikuchelewa kwa sababu ya mtazamo wa mtu. Njia hii ina gharama zake pia. Mtaa utasema umeshushwa cheo, mkubwa wako anaweza kukataa, na yawezekana ukarudi kitandani kwa mzazi ukakuta woga unakusubiri pale pale ulipouacha. Hilo la mwisho ndilo ningelipa uzito kuliko maneno ya mtaa.

Ya pili ni kupumzika kwanza kabla ya kuamua. Hukunieleza kama likizo yako ya mwaka, ambayo ni siku 28, huichukua yote au huikata vipande vipande kuziba mapengo ya ratiba. Nauliza kwa sababu mainchaji wengi huwapangia wenzao likizo na kujisahau. Kukaa Amani kwa likizo nzima, pamoja na mvua, utelezi, ruba na siku ambazo hakuna cha kuchuma, kutakufundisha jambo ambalo mapumziko ya siku mbili hayawezi. Utumishi wa umma una utaratibu wa likizo bila malipo pia, ingawa hutolewa kwa masharti na mwajiri ana haki ya kukataa. Ulizia kwa afisa utumishi kabla ya kuujengea matumaini.

Ya tatu ni kuondoka, na sitaki kuizungumzia kana kwamba ni wazimu. Watu wameacha kazi za ofisi wakaishi kwa viungo, na ardhi ya milima ile ya Usambara Mashariki ina sifa kongwe. Si bure Wajerumani walianzisha pale kituo chao cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902. Ila nakuomba ulitazame shamba kwa jicho lile lile unaloitazamia stoo ya wodi. Rando jipya la pilipili manga huchukua takriban miaka mitatu kabla ya kuanza kuzaa, na zaidi kabla ya kuzaa vizuri, kwa hiyo ukipanua shamba leo utakula nini katikati? Pilipili iliyopo alipanda baba yako. Inatoa kiasi gani kwa msimu, kwa kilo zilizokauka, ukishaondoa vibarua na nauli? Bei hupangwa na mfanyabiashara anayepanda mlimani na mizani yake, na kuna wakulima wanaovuna kabla ya wakati kwa hofu ya wezi au kwa haja ya ada ya shule, wakauza kwa hasara. Mashine ya kusaga na ufungashaji ni biashara nyingine kabisa, yenye leseni zake, viwango vyake na wateja wa kutafutwa. Je, unakitaka kilimo au unakitaka kilimo pamoja na uchuuzi? Maana anayeanika pilipili kwa amani na anayefuatilia madeni ya madukani hawaishi maisha ya namna moja, ingawa shamba ni moja. Nakuhofia pia kwa hili: kwa sasa shamba ni mahali pa kupumua kwa sababu mshahara unalipa kila kitu kingine. Siku ada ya kidato itakapotegemea mavuno, sijui kama utaendelea kusahau kula kwa furaha.

Katika hesabu za kuondoka kuna jambo la pensheni ambalo ningependa ulifahamu. Sharti mojawapo la kupata pensheni ya PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, ni kuwa umechangia kwa miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15, nawe uko mwaka wa 14. Kila mwezi wewe unakatwa asilimia 5 ya mshahara na mwajiri anaongeza 15. Kustaafu kwa hiari ni miaka 55, kwa hiyo hata ukitimiza miezi hiyo utasubiri, na anayeacha kazi mwenyewe hahesabiwi kama aliyeachishwa. Nenda ofisi ya mfuko uombe taarifa ya michango yako, kisha nenda benki uulize mkopo utalipwa vipi makato yakikoma. Majibu hayo hayatakuambia ufanye nini, lakini yatamjibu mumeo vizuri zaidi kuliko machozi, kwa maana swali lake la bati za Pongwe sikuliona kuwa la ukaidi.

Hata kubaki kama ulivyo, bila kugusa chochote, ni njia, na pengine ndiyo inayofuatwa na wengi. Gharama yake hailipwi siku moja. Wodi yenye kiongozi asiyehisi kitu huanza kufanana naye, na watoto nyumbani hujifunza kwamba kazi ni mahali mtu anapokwenda kuzimika.

Sasa kuhusu mama yako. Umemsikia akikutetea kazi. Mimi nimemsikia akiogopa. Katikati ya miaka ya 1960 mkonge wa Tanganyika ulizidi tani 200,000 kwa mwaka, na Tanga ilikuwa ikila na kuvaa kwa huo mkonge. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa umeporomoka hadi karibu tani 20,000. Kati ya tarakimu hizo mbili yumo mume wake, karani aliyerudi nyumbani siku moja akiwa hana mshahara. Amani kwake si mahali pa kupumua, ni mahali familia ilipokimbilia. Anapouliza kila anapopiga simu kama bado unaenda kazini, sidhani kama anaipima heshima ya ukunga. Mngeweza kuzungumza kuhusu miaka ile, jinsi walivyoishi, nani aliwakopesha unga, na baba yako alikuwa mtu wa namna gani alipoanza kushika jembe baada ya miaka ya kushika kalamu. Nawe unaweza kugundua kwamba sehemu ya kinachokuvuta kule mlimani ni yeye, baba, na kwamba huzuni na furaha vimepandwa katika shamba moja. Hilo halilipunguzii shamba thamani. Lingekusaidia tu kujua unakwenda kutafuta nini.

Uliniuliza kama ni dhambi. Mambo ya dhambi mpelekee mwanazuoni unayemwamini, lakini mimi sijaona katika barua yako mtu anayewatupa wagonjwa kwa ajili ya starehe. Nimeona mtu aliyejitunza wa mwisho. Pilipili manga nayo huliwa na watu, mwanangu, na mlaji wake hana haja ya kuokolewa ili mkulima awe amefanya kazi ya halali.

Kama kuna pa kuanzia, ningeanzia kwa mumeo, na si kwa habari ya kuacha kazi. Mweleze kuhusu yule mama aliyefariki, usiku ule ulivyokwenda tangu mwanzo hadi ulipofunga mlango wa nyumbani. Hajawahi kuisikia, nami nashuku kwamba ananyamaza kwa sababu anajibu swali la fedha wakati wewe unauliza jingine. Mazungumzo ya shamba yanaweza kufuata wiki zinazofuata, pamoja na karatasi za mfuko na za benki mezani. Na katika muda huo wote, uwe unabaki au unaondoka, usiache leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ikaisha muda. Ihuishe, na mafunzo yanayotakiwa uyahudhurie, kwa sababu kuirudisha leseni iliyolala ni kazi ndefu, nawe bado hujaamua kwamba hutaihitaji.